Sahihi za Viongozi na Masanduku ya Wazee

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliyetumikia masjala za serikali tangu nilipotoka shule ya sekondari nimeuona usemi huo ukitimia katika mali ya namna ya pekee, nayo ni barua na hati zenye sahihi za viongozi wa zamani.

Katika minada ya London na New York hati kama hizo hununuliwa kwa fedha nyingi, zikatundikwa ukutani. Huko thamani imo katika umaarufu wa jina. Kwetu sisi thamani imo katika neno lililotangulia jina, kwa maana ahadi ni deni, na sahihi ni shahidi wake.

Ngorongoro yatupa mfano. Tarehe 21 Aprili, 1958, wazee 12 wa Kimasai waliridhia kwa hati kuhama Serengeti ya magharibi. Mwaka 1959 Hifadhi ya Ngorongoro ikaanzishwa, watu na wanyama wakae pamoja. Gavana Richard Turnbull akaahidi kwamba maslahi ya wanyama yakigongana na ya wakazi, ya wakazi yatatangulia. Septemba 1961, mjini Arusha, Julius Nyerere, Chifu Abdallah Fundikira na Tewa Said Tewa wakatia sahihi tamko la kuwalinda wanyama pori, zaidi ya miaka mitano kabla ya Azimio la Arusha. Mkusanyaji atafutaye majina makubwa tu atalichukua tamko na kuiacha hati ya wazee. Atakuwa amehifadhi habari za wanyama, amepoteza habari za watu.

Huko Karatu mzee mmoja alinifungulia sanduku la bati, akatoa barua ya chifu juu ya mpaka wa shamba la babu yake. Mchwa walikuwa wamekula upande wa chini, mahali pa sahihi. Sokoni barua ile isingepata bei. Lakini mzee aliisoma yote kwa ghibu, akataja na aliyeileta, na jiwe lililowekwa mpakani. Niliandika kila neno. Kwa kuwa Karatu ilikuwa zamani sehemu ya wilaya ya Mbulu, nakala ya barua hiyo yafaa itafutwe katika majalada ya Mbulu.

Tangu mwaka 2022 kaya nyingi za Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Safari ya namna hiyo hubeba ng'ombe na vyombo. Karatasi kuukuu ndiyo ya kwanza kuachwa. Sheria ya mwaka 2002 imetupa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, lakini sheria haiingii uvunguni mwa kitanda cha mzee. Hatuna budi kuingia sisi, kwa hodi na heshima: tunakili barua, tuandike maelezo ya mwenyewe kando yake, kisha tumrudishie karatasi yake mkononi. Taifa litunzalo sahihi ya mkubwa na kusahau jibu la mdogo limetunza nusu ya mazungumzo.