Madawati Matatu

Nataka kuungama kosa langu kwanza, kabla sijataja la mtu mkubwa. Mwaka mmoja, siku za uchaguzi, alikuja shuleni kwetu mtu wa chama akasema, "Mwalimu, twahitaji madawati 20 kwa mkutano wa kesho." Sikumwuliza kwa idhini ya nani, nikampa ufunguo. Madawati yalirudi siku ya tatu, matatu yamevunjika miguu, na watoto tisa wakakaa sakafuni hata mwisho wa muhula. Wala sikuandika neno katika daftari la vyombo.

Jambo hilo lilinirudia niliposoma habari za India. Mwaka 1971 Bibi Indira Gandhi, Waziri Mkuu, alichaguliwa mbunge wa Rae Bareli, na mshindani wake, Raj Narain, akamshtaki katika Mahakama Kuu ya Allahabad. Mashtaka mengi yalitupwa. Lakini tarehe 12 Juni 1975 Jaji Jagmohanlal Sinha aliona mawili yamethibitika. Yashpal Kapoor, mtumishi wa serikali, alimfanyia Bibi huyo kazi ya uchaguzi naye hajaacha bado utumishi. Tena maofisa wa jimbo la Uttar Pradesh walimjengea majukwaa ya mikutano na kumpatia umeme wa vipaza sauti. Uchaguzi wake ukabatilishwa, akakatazwa kugombea muda wa miaka 6.

Wako waliocheka: Waziri Mkuu aangushwe kwa mbao na misumari! Mimi sikuweza kucheka. Ofisa wa wilaya aambiwapo ajenge jukwaa, atajibu nini, ikiwa aombaye ni bwana wa bwana wake? Na yule mshindani asimamaye juani alikwisha kulipia jukwaa la mwenzake kwa kodi yake mwenyewe.

Siku 13 baadaye ilitangazwa hali ya hatari, na wapinzani wengi wakafungwa. Bunge likageuza sheria, na mwezi wa Novemba Mahakama ya juu ikaitengua hukumu. Hata Machi 1977, watu wa Rae Bareli walipopiga kura tena, wakamchagua Raj Narain.

Madawati yale yangali ghalani. Juma lililopita nalifungua daftari la vyombo, nikaandika kwa wino: "Madawati 3, yalivunjika katika mkutano wa chama, aliyeyatoa ni mimi." Mwalimu Mkuu amelisoma, akalifunga, wala hajaniambia kitu.