Nuru ya plastiki na ada ya binti yetu

Ndugu msomaji, wengi wetu tulifundishwa tangu utotoni kwamba plastiki haipitishi umeme. Ndiyo maana waya za nyumbani huvishwa gamba la plastiki, na fundi hushika bisibisi yenye mpini wa plastiki. Mimi niliyeachana na kemia kidato cha nne nikaelekea kwenye fani za dini, sikuwa na sababu ya kulitilia shaka somo hilo. Mwaka huu nimelazimika kulisoma upya, kwa sababu ya ombi lililofika mbele ya kamati ya msikiti wetu, ambayo mimi ni katibu wake.

Binti mmoja wa mtaani kwetu, aliyefiwa na baba, aliomba mfuko wetu wa elimu umsaidie ada ya shahada ya kemia. Aliandika kwamba anatamani kutafiti polima zitoazo nuru. Mfuko ni mdogo, na kumpa yeye ni kumchelewesha kijana mwingine aliyeomba ada ya ufundi umeme. Mzee mmoja akauliza kwa upole: "Katibu, nuru ya plastiki italisha nyumba ya nani?" Swali lilikuwa la haki, nami nikapewa wiki mbili za kulitafutia jibu.

Polima ni molekuli ndefu, mithili ya tasbihi: punje nyingi katika uzi mmoja. Katika plastiki ya mifuko, atomi za kaboni hushikana kwa kifungo kimoja kimoja, na elektroni hubaki zimefungwa mahali pake. Lakini zipo polima ambazo vifungo vyake hupishana mnyororo mzima, kimoja kikiwa cha pekee na kinachofuata maradufu. Mpishano huo huzipa elektroni njia ya kutembea. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa wa Japani, akishirikiana na Alan MacDiarmid na Alan Heeger nchini Marekani, alionyesha kwamba polima ya namna hiyo ikitiwa iodini hupitisha umeme vizuri. Mwaka 2000 wote watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya kemia.

Nuru ilifuata mwaka 1990. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, wakiwamo Jeremy Burroughes, Donal Bradley, Richard Friend na Andrew Holmes, walitangaza kwamba utando mwembamba wa polima iitwayo PPV, uliowekwa baina ya elektrodi mbili, ulitoa nuru ya kijani-manjano umeme ulipopita. Elektrodi moja huingiza elektroni. Ya pili huziondoa na kuacha mapengo. Elektroni na pengo vikikutana ndani ya mnyororo, nishati hutoka ikiwa nuru.

Hapo ndipo kazi ya usanifu inapoanza. PPV yenyewe haiyeyuki, hivyo wanakemia huupachika mnyororo wake matawi ya pembeni ili uyeyuke na kutandazwa kama wino. Matawi hayohayo yaweza kuigeuza rangi ya nuru ielekee chungwa. Mnyororo mwingine, polifluorene, hutoa buluu, na buluu ndiyo ngumu kuidumisha. Oksijeni ikiharibu sehemu chache tu, nishati ya mnyororo hukimbilia humo, na buluu hugeuka kuwa kijani. Basi msanifu huilinda kaboni iliyo dhaifu kwa kuipachika matawi mawili kamili, isibaki na haidrojeni ya kushambuliwa.

Kikao kilipokutana tena sikuwaahidi wazee utajiri. Simu nyingi ambazo vioo vyake hung'aa kwa molekuli za kaboni hutumia molekuli ndogo, si polima hizi. Sifa ya polima ni kwamba yaweza kuchapwa kama wino juu ya utando unaopindika, ila uimara wake ungali unatafutwa. Niliwaeleza kwamba elimu hii humlea mtu katika subira ya kubadili tawi moja, kupima, kisha kubadili tena. Mtu wa namna hiyo aweza kufundisha watoto wetu kemia, au kupima usalama wa maji na dawa, hata asipoigusa polima maishani. Nikaongeza kuwa tumezoea kuwasomesha vijana kwa kazi tunazoziona mtaani tu, na nyingine hatuzioni kwa kuwa hatujampeleka mtu huko.

Kwa tofauti ya kura moja, kikao kiliafiki kumlipia binti yule ada ya mwaka wa kwanza. Kijana wa ufundi atasubiri. Mama yake alipofika ofisini hakuificha huzuni yake, nami sikuwa na la kumwambia ila ukweli: wote wawili walistahili, na fedha ilitosha mmoja.

Kwa hiyo, ndugu zangu, utakapopita mchango wa mfuko wa elimu msikitini kwako, usidhani shilingi yako ni ndogo. Huenda ndiyo itakayoiepusha kamati na kumwambia mama mwingine asubiri. Allah atujaalie wepesi katika kheri.