Shaba Ibaki Mizizini

Hapa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, nyasi hazipandwi. Zinafyekwa, zinachomwa, zinang'olewa kabla mgeni hajafika. Lupangu, yaani kiwanja cha nyumba, ya kusifiwa ni ile inayofagiwa kila asubuhi mpaka udongo mwekundu ubaki mtupu, maana majani yakirefuka yanaficha nyoka, na mwenye lupangu yenye nyoka husemwa mtaa mzima. Ndiyo maana jirani yangu, mama wa makamo asiyejua kuficha neno, aliponiona nimeinama na jembe kando ya ukuta aliniuliza: "Papa, banapandaka majani?" Tulicheka wote. Nilimpa jibu la haraka, kwamba yanapendeza. Ni kweli yanapendeza, lakini miaka inavyokwenda naona urembo ni sehemu ndogo tu ya jibu.

Ninazopanda ni nyasi za kudumu, zile zinazosimama kwa vishada. Mchaichai, ambao mtaani tunauita sitroneli, nimeupanga kandokando ya njia ya kuingilia. Nyuma ya nyumba, pale ambapo maji ya mvua hupenda kuchimba mfereji, ipo vetiva, ambayo mizizi yake hushuka wima na ikipata udongo mzuri huweza kupita mita tatu. Mchaichai ni nadra kuchanua, na vetiva ya kupandwa kwa kawaida haitoi mbegu za kuota. Ukitaka kishada cha pili, huna budi kukigawa cha kwanza.

Kazi yake si nyingi, ila ina majira yake. Mvua zikishakolea mwezi wa kumi na moja unachukua shina lenye mizizi, unapunguza majani yake yabaki mafupi ili lisipoteze maji, unalifukia, unalikanyagia udongo. Basi. Mwaka wa kwanza halikuonyeshi kitu. Mpita njia ataona majani machache yamelegea, kumbe kazi yote inafanyika chini. Kisha kinakuja kiangazi, kuanzia mwezi wa tano. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unauma. Kijani kinageuka rangi ya kutu, vumbi linakaa juu yake, na kila anayeingia anakushauri ung'oe hiyo takataka. Usimsikilize. Subiri mvua zikaribie, ndipo ukate, ukiacha kiasi cha shubiri moja juu ya ardhi.

Usikate chini zaidi ya hapo. Nyasi haikui kwa ncha. Sehemu yake inayochipua iko chini, karibu na udongo, imefunikwa na ala za majani. Kwa hiyo mbuzi akila, panga likipita, moto wa Agosti ukifagia bonde zima, kinachopotea ni kile kilichokuwa kinaonekana. Nimeishi katika mji ambao watu hupima mwenzao kwa gari na kwa bia anazowanunulia wengine bei ya kobalti ikipanda, na nimewaona wengi wakikatwa shingoni bei iliposhuka, maana uhai wao wote walikuwa wameupeleka kwenye ncha. Sisemi hivyo kwa kejeli. Mwenye kulala njaa miaka ishirini akipata fedha kwa mara ya kwanza, sina mdomo wa kumfundisha namna ya kufurahi.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kufa kwa katikati. Baada ya miaka kadhaa kishada cha mchaichai huanza kuwa kitupu ndani. Majani mabichi yanabaki pembeni kwa duara, na pale lilipoanzia shina la kwanza panakuwa makapi matupu. Mkono wa mtu huenda palepale: anamimina maji katikati, anaweka mbolea katikati. Haisaidii. Dawa ni kukichimbua chote, kukipasua kwa panga, kutupa kiini kilichokufa na kuvipanda upya vile vipande vya pembeni, kila kimoja mahali pake.

Kila nikikipasua kishada naikumbuka kampuni. Mji huu ulizaliwa mwaka 1937 kwa mkono wa Union Minière du Haut-Katanga, ambayo ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines. Nyumba ilitoka kwake, hospitali kwake, shule kwake, gunia la unga wa bukari, yaani ugali, kwake. Wazee walisema kampuni ndiyo baba na ndiyo mama. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji wote haukufika tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa malipo ya mara moja na kuagwa. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikwisha kuandika kitabu mwaka 2001 ambacho jina lake linawataja wana wa shaba walioachwa na baba yao.

Miaka ile tuliendelea kumwagilia katikati. Wanaume walikaa wakisubiri mshahara wa miezi iliyopita, na walioziokoa nyumba walikuwa wale wa pembeni ambao hakuna aliyewahesabu kuwa wafanyakazi: wake waliolima mahindi na mihogo nje ya mji, wasichana waliouza makaa kwa mafungu, cherehani iliyokuwa imefungiwa kabatini ikatolewa barazani. Uhai ulikuwa umeshahamia huko zamani. Sisi tulichelewa kuufuata.

Shina langu la kwanza la mchaichai lilitoka Kasulo, katika lupangu ya rafiki. Mwaka 2014 kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa ule, watu walianza kuchimba uani, wengine ndani ya vyumba vyao wenyewe, wakifunika mdomo wa shimo kwa turubai. Lupangu ile nayo ikachimbwa. Kishada kilichonipa shina hakipo tena, wala ardhi kiliposimama haipo, kuna shimo. Lakini vipande vyake viko Manika, viko Mutoshi, kimoja kimefika Likasi kwa dada yangu. Kama yule rafiki angekuwa mchoyo siku niliyomwomba, ukoo mzima wa mchaichai ule ungekwisha ndani ya wiki moja.

Hata hivyo nyasi iliyonifundisha zaidi sijaipanda mimi. Inaota yenyewe kwenye vilima vya shaba, vile vichache ambavyo bado havijageuzwa mashimo. Asiyekulia hapa huenda hajui kwamba vilima hivyo vilitambulikana kwa mbali kabla ya mgodi wowote: msitu wa miombo ulikuwa unasimama chini ya mlima, na juu hakuna mti, kuna nyasi na maua mafupi tu, kwa sababu udongo wenye shaba nyingi ni sumu kwa miti. Wataalamu wa mimea kama Paul Duvigneaud na François Malaisse walivichunguza kwa miaka mingi. Imehesabiwa mimea ya aina zaidi ya 600 katika vilima vya shaba vya Katanga, na mingine haioti popote pengine duniani.

Kati ya mimea hiyo iko nyasi fupi ya vishada, yenye majani membamba, inayodumu mwaka hadi mwaka. Wataalamu huiita Microchloa altera, na vitabu vya nyuma vinaiita Rendlia altera. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji waliitia kwenye mtihani ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Walitayarisha vitalu, wakatia shaba miligramu 2,500 kwa kila kilo ya udongo, wakapanda nyasi za aina tatu, ukoka ukiwa mmojawapo. Vitalu vingine waliviongezea mboji au chokaa, vingine wakaviacha hivyohivyo. Wakafuatilia miaka miwili. Ukoka, ambao sisi sote tunauona sugu kuliko nyasi zote, haukuweza kudumu bila kutiliwa chokaa. Ile nyasi fupi ya mlimani ndiyo iliyosalimika vizuri zaidi pale ambapo haikusaidiwa na chochote.

Utafiti ule haukuwa wa kujifurahisha. Lubumbashi, upande ambao upepo ulipeleka moshi wa tanuru la kuyeyushia shaba lililowashwa mwaka 1911, pako mahali panapoitwa Penga Penga ambapo ardhi ilibaki uchi, na huko pia nyasi za vilima vya shaba zimejaribiwa. Nyasi inayotafutwa kwa kazi hiyo inatakiwa iwe na sifa mbili: iweze kuishi katika shaba, na shaba hiyo iiache chini. Isiipandishe kwenye majani, ambako mbuzi ataila na upepo utaisambaza tena. Chokaa katika jaribio lile la vitalu ilipendwa kwa sababu hiyo pia, kwamba ilipunguza shaba iliyofika kwenye majani.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Hatuwezi kuishi katika mkoa wetu wa Lualaba bila shaba. Mtoto wangu anasomeshwa nayo hata kama mimi si mchimbaji, na mwuza vitumbua pale sokoni anaishi kwayo pia. Ushauri wa kuikimbia ni wa watu wanaoishi mbali. Lakini kuna tofauti kati ya kusimama juu ya shaba na kuiruhusu ipande mpaka kwenye kila jani: mpaka kwenye mahari, kwenye matanga, kwenye sadaka ya Jumapili, kwenye namna baba anavyomsalimu mwanawe kulingana na alicholeta. Nawajua wazee wa zamani wa mgodi, wanaume waliolamba vumbi lake maisha yao yote, ambao ukikaa nao saa nzima hawakuambii habari ya fedha. Shaba iko chini, imewashika, haijafika juu.

Na kuna kisa kingine cha majani ambacho hunichekesha. Kwa miaka mingi baadhi ya mimea ya vilima hivi ilisifiwa duniani kwamba inalundika shaba na kobalti ndani yake kwa kiasi cha ajabu. Watafiti wa baadaye, akiwamo Michel-Pierre Faucon, walirudia vipimo kwa uangalifu zaidi na majani yaliyooshwa vizuri. Sehemu kubwa ya utajiri ule ikaonekana ilikuwa vumbi lililoganda juu ya jani. Mnaokaa barabara ya kwenda Musompo, kwenye soko la madini, mnajua watu wa namna hiyo, sina haja ya kuwataja.

Vumbi lenyewe, hata hivyo, si la kuchekwa. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha walichokikuta Kasulo: wakazi wake, hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini kuliko watu wa mtaa wa jirani usio na machimbo, na vumbi lilitajwa kuwa njia mojawapo ya kuiingiza. Tangu niyasome hayo, mchaichai wangu wa kando ya njia umekuwa nyasi ya urembo tu. Malori ya kwenda mpakani Kasumbalesa yanapita karibu mno. Ninaupenda ulivyoinama, nausikia unavyonukia mtu akiusugua kwa bega, lakini siuchemshi. Kwa chai ninakata ule ulio ndani ya ua, mbali na barabara, na nauosha kwa maji mengi kabla haujaingia sufuriani.

Mwezi wa kumi na moja nitachimbua vishada viwili vya mchaichai vilivyokwisha kuwa vitupu katikati, na vipande vitakuwa vingi kuliko nafasi niliyo nayo. Anayetaka aje na gunia. Ila ukiupanda kando ya barabara, tafadhali, mama, usiwape watoto chai yake.