Seremala na Ubao Mbichi

Kiriba ni kata moja katika Wilaya ya Musoma, Mkoa wa Mara, karibu na Ziwa Viktoria. Watu wake wengi ni wakulima na wavuvi. Lakini kila nyumba, iwe ya mkulima au ya mvuvi, yahitaji kitanda, meza na viti. Hata shule haiwezi kuwapo pasipo kazi ya seremala. Mwaka 2016, serikali ya Tanzania ilipoanza kutoa elimu bila malipo toka darasa la kwanza hata kidato cha nne, watoto wengi mno waliandikishwa, na wengine wakaketi sakafuni kwa kukosa madawati. Ikatoka amri kwamba kila mkoa utengeneze madawati, na mafundi wengi wa mbao na wa chuma wakapata kazi.

Basi kijana atakaye kuanza kazi hii afanyeje? Kwanza yampasa ajifunze, ama kwa fundi mzee ama katika chuo cha ufundi cha VETA. Pili atafute vyombo vichache vilivyo vizuri: msumeno, randa, patasi, nyundo, kekee, futi na skwea. Si lazima anunue mashine siku ya kwanza. Patasi moja iliyonolewa vema yashinda patasi tano butu.

Tatu anunue mbao, na hapo ndipo penye mtihani wake mkubwa. Mbao nyingi hutoka mbali. Mninga, ulio mgumu na wenye rangi nzuri, hutoka katika misitu ya miombo, kama ile ya Tabora na Katavi. Paina, ulio mwepesi na wa bei ndogo, hupandwa katika mashamba makubwa kama Sao Hill, huko Mufindi. Fundi mwenye akili hununua kwa mfanyabiashara mwenye kibali, naye hutunza stakabadhi yake. Kwa maana mbao zisizo na kibali zaweza kukamatwa, na mtaji wote ukapotea kwa siku moja.

Lakini hata mbao za halali zaweza kumharibia kazi, kama ni mbichi. Mti ulio hai umejaa maji. Ukipasuliwa mbao, maji hayo hutoka polepole. Yakipungua hata kufikia kiasi cha sehemu 30 kwa kila 100 za uzito wa mti mkavu, ubao huanza kunywea. Nao hunywea sana kwa upana, bali kwa urefu hunywea kidogo mno. Kwa hiyo meza iliyotengenezwa kwa mbao mbichi hupendeza siku ya kuuzwa. Baada ya miezi michache uso wake hupasuka, miguu hulegea, na mlango wa kabati hupinda usifungike.

Dawa yake ni kungoja. Mbao hupangwa kivulini, juu ya magogo, zisiguse udongo, na kati ya ubao na ubao huwekwa vijiti ili upepo upite. Juu yake huwekwa mawe mazito zisipinde. Mafundi wa kale wa Ulaya walihesabu mwaka mzima kwa kila inchi ya unene wa mti mgumu. Penye joto na upepo hukauka mapema zaidi. Asiye na kipimo cha maji atumie mizani: apime ubao mmoja kila juma na kuandika uzito wake. Ukiona uzito haupungui tena, ubao umekwisha kukauka kadiri hewa ya mahali pale iwezavyo kuukausha.

Sasa tufikiri juu ya kijana aliyeanza kazi jana. Mbao zake bado mbichi, na mfukoni hana kitu. Anakuja mama mmoja na arbuni mkononi, amwambia, "Mwanangu, nataka kitanda cha binti yangu. Arusi ni Jumamosi ya pili." Akipokea fedha ile, leo atakula vizuri. Akimjibu, "Mama, nisamehe, mbao zangu hazijakauka, nikikuuzia kitanda hiki kitalegea," labda mama yule atakwenda kwa fundi mwingine, na kijana atalala na njaa. Kusema kweli kuna gharama, wala haifai kumficha mtoto jambo hilo.

Lakini kitanda hakihami kijiji. Kitalia kila usiku, na kila kikilia, wenye nyumba watamtaja aliyekitengeneza. Arbuni huisha kwa juma moja, bali jina baya halioshwi upesi.

Kwa sababu hii fundi mwenye busara haanzi kwa kununua kibao cha kuandika jina lake. Fedha yake ya kwanza huiweka katika mbao, akazipanga zikauke kabla wateja hawajaja. Wakati wa kungoja, hutumia vipande vidogo vilivyokwisha kukauka kwa kutengeneza vigoda, miiko na vipini vya majembe, apate chakula cha kila siku.

Aidha imempasa kujua hesabu. Tuseme, kwa mfano, kiti kimoja kimekula mbao za shilingi 18,000, gundi, msasa na vanishi za shilingi 5,000, na nauli ya shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 25,000. Akikiuza kwa shilingi 28,000, atafurahi kwamba amepata faida ya shilingi 3,000. Lakini ikiwa alikifanyia kazi siku mbili, amepata shilingi 1,500 tu kwa siku, na msumeno wake umezidi kuisha. Asiyehesabu jasho lake hulitoa bure. Anayetaka kujifunza zaidi mambo ya biashara aweza kwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973.

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Mnunuzi huona rangi na vanishi, haoni ulimi wa ubao uliofichwa ndani ya tundu lake, wala hajui mbao zilikaa kivulini miezi mingapi. Fundi peke yake ndiye ajuaye. Lakini mvua zikija na kwenda, kitanda chenyewe kitamwambia.