Nijazie Kwaya
Huku Majimoto, mpunga ukishauzwa, kibanda chenye kompyuta hakikosi wateja. Mkulima humpa kijana simu yake ndogo na kusema, "Nijazie kwaya." Malipo hubaki kibandani, mwalimu aliyetunga wimbo hapati kitu.

Sisi mafrateri tuliopo huku likizoni tumebishana sana juu ya jambo hili. Mtakatifu Thomas anatufundisha kuwa haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Nchini kwetu imewekwa tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kunakilia kazi za sanaa, ili wasanii wapate chao. Si wazo geni: Ujerumani ilianza mwaka 1965. Huko Marekani, Universal na Disney walitaka zaidi, wakaishtaki Sony kwa kuuza mashine za kurekodia video. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliwakatalia, kwa kura 5 dhidi ya 4: chombo chenye matumizi halali hakizuiwi kwa sababu wapo wanaokitumia vibaya.

Kwetu tozo ni afadhali kuliko kufungiwa chombo. Lakini kifaa hichohicho ndicho tunachorekodia nyimbo zetu wenyewe (studio ziko mbali), na bado tunahesabiwa pamoja na wanaonakili. Na fedha zitamfikiaje mtunzi wa kijijini, wakati kibandani wimbo wake umeandikwa "Kwaya 07" tu?

Tumemwomba kijana aandike jina la mtunzi na parokia. Amekubali, ila anasema kioo cha simu ndogo hakitoshi majina yote mawili.