Ukiulizwa, Utasemaje?

Katiba yetu, Ibara ya 133, inaruhusu kamati inayomshauri Rais kuhusu msamaha kwa wafungwa izingatie pia maoni ya waliotendewa kosa.

Siku moja afisa wa probesheni aliketi sebuleni kwetu, kalamu mkononi. Kuhusu aliyemuua ndugu yangu akauliza, "Familia mnasemaje?" Mimi, mhubiri wa msamaha, nikanyamaza. Mama ndiye aliyejibu: "Andika bado inauma. Andika pia nimemsamehe."

Yote mawili yakaandikwa.

Mpendwa, kusamehe si kuficha kidonda. Paulo alipomwombea Onesimo kwa Filemoni, hakuficha deni, alijitolea kulilipa. Leo ukiulizwa kuhusu aliyekukosea, utasemaje?