Namba Iitwayo Tasa

Shangazi yangu anauza nyanya katika soko la Kamembe, hapa wilayani Rusizi, nami siku za Jumamosi humsaidia kuzipanga mafungu. Nyanya 24 hazina taabu: waweza kuzipanga tatu tatu, nne nne, hata nane nane. Zikiwa 23 utahangaika bure, maana namba hiyo haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Vitabu vya hesabu huiita namba tasa.

Jioni moja nilikuwa nikijisomea kwa sauti, kama ilivyo desturi yangu mbaya. Nikasema, "Tasa ni kama mti usiozaa." Shangazi alikuwa akichambua maharage; mikono yake ikasimama. Yeye hakujaliwa mtoto, na neno lile amelisikia midomoni mwa watu, wengine wa ukoo wetu wenyewe. Hakunena kitu. Mimi nilikosa pa kutazama.

Basi nikaanza kujitetea kwa hesabu, kwani sikuwa na silaha nyingine. Nikamwambia kwamba 24 haikuzuka yenyewe, imetoka katika 2 na 3. Na kwamba kila namba iliyozidi 1, kama si tasa, imejengwa kwa tasa tupu. Nikamweleza habari za Mersenne, padre wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1648. Yeye alichunguza mbili zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe, kisha ikatolewa 1. Mbili tatu hutoa 7, mbili tano 31, mbili saba 127, zote tasa. Mbili kumi na moja hutoa 2047, nami niliapa mbele ya darasa kuwa ni tasa, kumbe ni 23 mara 89! Wenzangu walinicheka wiki nzima.

"Na iliyo kubwa kabisa?" akauliza.

Nikamjibu kuwa haipo. Euclid wa Ugiriki alionyesha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba hazina mwisho. Lakini Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant, kwa kompyuta zilizokuwa katika nchi 17, alipata iliyozipita zote zilizojulikana: mbili 136,279,841 toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiandika tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, utamaliza baada ya siku kama 475.

"Sisi tulisoma kwa Kifaransa," shangazi akasema polepole. "Mwalimu wetu aliziita namba za kwanza."

Akavuta daftari langu karibu na taa. Nilikuwa nimeandika mbili kumi na tatu toa 1, yaani 8191. Nikamwambia kwamba kama kuna inayoigawa, iliyo ndogo haizidi 90, na lazima iwe 27, 53 au 79. Mbili za kwanza nilikwisha kuzijaribu. Akachukua kalamu mkononi mwangu, akagawa mwenyewe kwa 79.

"Zinabaki 54," akasema. "Lete nyingine."